Anusaya Apanda Mlima wa Dive

Mimi na Anusaya Jagtap tunapakana ukuta hapa Hadapsar, na kila mvua zilipoanza tulikwenda Pandharpur, kwenye hekalu la mungu Vithoba, kwa miguu pamoja na mahujaji wengine. Mimi hubeba chapati za mtama, yeye chungu cha mrehani kichwani, akiimba kuwashinda wanaume.

Halafu akateleza bafuni. Mgongo ukakakamaa, ganzi ikashuka mguuni, na daktari akamwambia asahau safari. Mwaka ule mahujaji walipita barabarani kwetu yeye akiwa kitandani, ameziba masikio kwa mto.

Shemeji yake, Digambar, hufundisha yoga uwanjani alfajiri. Yake ni ile ya kasi, ya kusalimu jua: inama, ruka nyuma, inuka, mpaka jasho litiririke.

"Njoo shemeji, nitakunyoosha," alimwambia.

Anusaya akaenda. Akainama, akabaki hukohuko chini. Tulimrudisha nyumbani kwa bajaji, analia.

"Basi," Digambar akasema, "mwili umeshachoka huo."

Nikampeleka kwa Sharayu, mwanamke mwembamba anayefundisha juu ya duka la dawa. Kwake hakuna anayeruka. Kuna viti, mikanda, mablanketi, na kamba zinazoning'inia ukutani. Alimlaza Anusaya sakafuni, akampandisha miguu juu ya kiti, akamwacha hapo.

"Sasa nifanye nini?" Anusaya akauliza.

"Pumua."

"Hata mtoto mchanga anapumua!"

"Yeye anajua. Wewe kila ukiumia unaizuia pumzi."

Digambar aliposikia alicheka mpaka akakohoa. "Yoga ya fanicha! Mkimaliza viti, mtahamia kwenye sofa?"

Anusaya hakukosa darasa hata moja. Kipindi chote cha baridi kamba zilimbebea uzito huku akiinama, na uti wa mgongo ukawa unaachia kidogo kidogo. Ganzi ikaondoka. Jioni alikaa akivuta pumzi kwa tundu moja la pua na kuitoa kwa jingine, na usingizi ukamrudia. Hata mkwewe aliniambia, "Siku hizi Mama hagombani na masufuria."

Maembe yalipoiva, alirudi uwanjani kwa Digambar kwa miguu yake mwenyewe.

"Maumivu yameondoka kwa Sharayu," akamwambia. "Sasa nataka nguvu za kupandia mlima wa Dive, njiani Pandharpur. Hizo unazo wewe."

Akawa analisalimu jua nyuma ya vijana wote, taratibu, bila kuruka.

"Kwa mwendo huo, shemeji, jua litatua hujalisalimu!"

"Litanisubiri."

Mwezi wa sita ukafika, tukajiunga na mahujaji, na mlima wa Dive ukawa mbele yetu, barabara ikijikunja juu kwa juu katika mvua, matoazi yakilia, watu wamejaa. Digambar alitembea kando ya Anusaya, mkono tayari kumdaka. Kwenye kona kali mguu ukateleza, chungu kikayumba. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, alikuwa amesimama wima, anapumua polepole. Kisha akaendelea, tena akianzisha wimbo.

Kileleni wanawake walianza kushikana mikono, kuegemea nyuma na kuzunguka kama pia. Anusaya akamgeukia Digambar.

"Shika chungu."

"Mimi? Kichwani?"

"Kifua unacho. Tuone shingo."

Tukashikana, mimi naye, tukazunguka mpaka sari zikapepea na mlima wote ukawa unazunguka nasi. Katikati ya kizunguzungu nilimsikia Digambar, chungu kichwani, akipaza sauti kwa watu asiowajua: "Huyo ni shemeji yangu! Tazameni mgongo huo!"

Pandharpur tulifika tukiwa na matope mpaka magotini. Anusaya aliinama, akaweka paji la uso miguuni pa Vithoba, akakaa hapo.

"Mama, inuka," kuhani akamhimiza, "wenzako wanangoja."

"Ngoja kwanza, mwanangu," alijibu bila kuinua kichwa. "Kuinama huku nimekutafuta mwaka mzima."