Kabati Hupanda kwa Mgongo

Bibi alizitazama zile ngazi, akakitazama kiti tulichomletea, kisha akazipa ngazi mgongo na kuketi kwenye ile ya kwanza, mkoba wake mapajani. Watalii wakapunguza mwendo. Mlinzi wa jumba alikuja mbio akidhani mzee ameanguka. Shangazi akafunika uso kwa kiganja, na mimi niliyekuwa nimeshika mikanda ya kubebea sikujua niitupe au niifiche.

"Mzima mimi, baba," Bibi alimwambia mlinzi. "Napanda."

Safari ile ilianzia kwenye meza yetu ya kulia, majuma kadhaa nyuma. Bibi alikuwa msafishaji wa shule mpaka alipostaafu, na katika darasa moja palitundikwa picha ya mji mkuu wa kale: mto, mapaa ya vigae, na juu ya vyote jumba la wafalme lenye roshani ya mawe. Kila asubuhi alikipangusa kioo chake. "Roshani ile nimeifuta vumbi kuliko wenyewe," alizoea kusema, "na hata kuiegemea sijawahi." Magoti yalipoanza kumgomea, akaacha kuitaja. Ukimya huo ndio uliomuuma Baba. Jioni moja akatangaza kwamba tunakwenda kutembea huko, siku mbili, sote wanne, na Bibi ataiegemea roshani yake.

Kazi ya Baba ilikuwa kuhamisha vyombo vya watu. Hakujua kupanga matembezi, kwa hiyo aliyapanga kama uhamisho. Alitandaza ramani mezani, akaizuia kwa vikombe ili isijikunje, na mji ule wenye sifa zote ukageuka milango, kona na ngazi. Daraja la kale alilikata kwa kuwa mawe yake yanayumbisha. Makumbusho yakapona kwa sababu yana mlango mpana. Nilimwambia watu watatuuliza tumeona nini, tutawajibu tumeona milango. "Mlango ukiujua, nyumba umeijua," akasema, wala hakucheka.

Kisha akapiga simu kwenye jumba lenyewe. Akauliza ngazi zina upana gani, zinakata kona wapi, na kama kuna mahali pa kutua mzigo watu wapumue. Aliyepokea akataka kujua kama analeta kabati au kitanda.

"Namleta mama yangu," Baba akajibu.

Halafu yule mtu akamwomba asubiri, akaenda kupima mwenyewe, akarudi akihema na majibu yote.

Shangazi, dada yake Baba, alikuwa muuguzi, na kwake kila furaha ilikuwa na madhara yake. "Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma," akamwonya kaka yake. "Haya, umempandisha. Kumshusha je? Abaki nyumba ya wageni na chai yake. Sisi tutampigia picha."

Bibi alikuwa dirishani akifuma, tukidhani hasikii.

"Picha nimeshaiona," akasema.

Tukaanza mazoezi. Baba alikifunga mikanda kiti cha jikoni, akaniketisha, akanipandisha ngazi za nyumba yetu pamoja na dereva wake; siku nyingine mimi ndiye niliyeshika upande wa juu. Sheria zake zilikuwa mbili, na leo nawafundisha wafanyakazi wangu zilezile, maana lori sasa ni langu na Baba amebakiwa na kazi ya kukosoa tu. Ya kwanza, mzigo mzito hupanda kwa mgongo, ngazi moja moja. Ya pili, aliye chini ndiye mwenye mzigo. Wa juu ni macho tu.

"Kwa nini kabati lisitangulize uso?" Bibi aliuliza kutoka mlangoni.

"Litakuchosha katikati, Mama. Mgongo ukitangulia, kila ngazi inakuwa kiti."

Bibi akaitikia kwa kichwa taratibu, akanigeukia. "Shuka, mke mwenza. Umekolea hapo kama bibi harusi." Tukacheka, na hakuna aliyefikiri zaidi. Baba alikuwa amepima kila kitu katika safari ile, ila mzigo wenyewe hakuuliza unataka nini.

Sasa mzigo ulikuwa umekaa kwenye ngazi ya kwanza na umekataa kiti.

"Mama, tumejiandaa," Baba alimbembeleza. "Dakika chache tu uko juu."

"Mkinibeba, mtakuwa mmenifikisha," alisema Bibi. "Mimi nataka kufika."

Akaegemeza viganja kwenye ngazi iliyo nyuma yake, akasukuma kwa miguu, akajiinua. Moja. Akapumua, kila ngazi kiti, kama alivyofundishwa.

Baba alielewa kabla yetu. Akakiacha kiti, akasimama chini yake, akaweka buti lake mbele ya viatu vya Bibi visiteleze. Mimi nikatangulia juu kuwa macho. "Kona inakuja, Bibi. Kushoto kuna ukuta." Pale kwenye kona Shangazi alimshika kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo, nami nikajua safari imeishia hapo. Badala yake akavua sweta lake, akalikunja, akamtandikia.

"Mawe yenyewe baridi haya," alisema, akiyakemea mawe.

Tangu hapo alilihamisha sweta lile ngazi kwa ngazi. Nyuma yetu watu walijaa, na hakuna aliyeomba kupita. Mlinzi alikuja mwisho wao, kiti chetu begani.

Juu kabisa Bibi alisimama kwa kunishika mimi, akatembea mwenyewe hadi kwenye roshani, akaiegemea kwa viwiko vyote viwili. Mto ulikuwepo. Mapaa yalikuwepo, mengi kuliko yalivyoenea kwenye picha. Watu wakapiga makofi, na Baba, mtu wa kubeba majokofu bila kuguna, akalia hadharani. Sijawahi kujivunia ukoo wangu kama siku ile.

Bibi alipitisha kidole juu ya ukingo, akakitazama, akatoa kitambaa mkobani na kupangusa pale alipoegemea.

"Nilijua tu," akasema. "Hawafuti."

Tulikaa sana. Hatimaye Shangazi akamsogelea, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, na kushuka?"

Bibi akageuka, akakiona kiti. Akaketi, akaweka mkoba mapajani, akajifunga mkanda mwenyewe.

"Si ulisema kushuka ndiyo ngoma?" akamwambia bintiye. "Haya, ichezeni."

Baba akafuta macho, akashika upande wa chini.