Saa Mbili za Kupumua

Jumapili saa nne asubuhi Delfina, mpishi wa Bwana Evasio mwenye mashamba ya mizabibu, alimimina barolo, mvinyo mwekundu wa miaka kumi na sita, kwenye jagi la kioo, taratibu, ili mashapo yabaki chupani. Kule vilima vya Langhe, Italia, kila mtu anajua kwamba mvinyo wa umri huo huhitaji saa mbili za kupumua. Ilipofika saa sita ulikuwa umepumua vya kutosha, na Blagoja alikuwa ameketi karibu na kabati, kikapu cha zabibu miguuni.

Blagoja, kibarua kutoka Makedonia, alikufa kwa jua miaka kumi na sita iliyopita, akichuma zabibu za mvinyo huo. Bwana Evasio alimbeba hadi barabarani, akamlaza kando ya baiskeli yake na kummwagia mvinyo shatini. Karatasi zikaandikwa: mlevi, ameanguka. Mlevi huyo hakuwahi kuonja hata tone. Tangu hapo, kila inapofunguliwa chupa ya mwaka ule, huja.

Wageni waliokuja kula kwa Bwana Evasio walikwishamzoea. Mwonjaji mmoja kutoka Torino alimwinamia, akamnusa shingoni.

"Waridi kavu," alisema. "Lami. Ngozi. Na kachumvi ka jasho mwishoni. Aisee, huyu kaiva!"

"Samaki usimpe," alisema Bwana Evasio. "Huyu ni wa nyama ya ng'ombe iliyolala kwenye mvinyo. Au jibini la siku nyingi."

"Na uyoga je?"

"Na uyoga wanapatana."

Walisema hayo huku wakitafuna, mafuta yakiwatiririka videvuni. Kinyaa kitupu.

Siku hiyo Delfina alikuwa amemwalika Stojanka, mjane wa Blagoja, ambaye miaka yote hiyo kijiji kilimwita mke wa mlevi. Aliketi mwisho wa meza bila kuvua koti.

"Sikulewa, Stojanka," alisema Blagoja. "Nilifia mstari wa saba, saa nane mchana. Niliomba maji. Akaniambia maliza mstari kwanza."

Stojanka alitikisa kichwa kukubali, kisha akamgeukia mwenye nyumba. "Bwana Evasio, umemsikia. Kesho twende kwa karani aliyeandika zile karatasi, ukayaseme hayo, wamfutie ulevi."

Bwana Evasio alijifuta midomo. "Mama, huo ni mvinyo unaosema. Tangu lini maneno ya mvinyo yakawa ushahidi?"

Meza nzima ilicheka. Mwonjaji akaandika kwenye daftari lake kwamba ladha inadumu sana kooni.

"Basi nipeni hilo jagi," alisema Stojanka. "Nikakae naye nyumbani."

"Delfina," aliita Bwana Evasio, "kilichobaki tia chunguni, nyama inakauka."

Delfina alilichukua jagi. Kisha akatia. Blagoja alifutika kuanzia miguuni, kikapu kwanza, na chungu kikatoa harufu nzuri mno.

"Mpe mama sahani ya kwanza," alisema Bwana Evasio. "Yeye ndiye mgeni."