Mlango Usio na Mawe

"Jiwe moja tu, shoga yangu," alisisitiza Bi Udaku, akiwa ameegemea ua uliotenga nyumba yake na ya Bi Radhi. "Hata kokoto. Liweke mlangoni, litaje jina la Akida, yaishe. Lisilo budi hutendwa."

Bi Radhi akajibu kwamba asichokuwa nacho moyoni hawezi kukiweka mlangoni. Bi Udaku akamwambia huo ni ukaidi uliovishwa kanzu ya dini, na kwamba jirani mwema hawaachii wenzake kazi ya kumlilia.

Wapita njia walistaajabu, maana katika nchi ya Kisasini hapakuwa na mtu wa kubembelezwa aweke jiwe. Ada yao tangu enzi za mababu ilikuwa hii: aliyedhulumiwa huokota jiwe, akalitaja jina la mdhalimu wake, akaliweka mbele ya mlango, nalo haliondoki mpaka kiama. Rundo kubwa lilikuwa fahari ya nyumba, kama kwingineko watu wanavyojivunia watoto na mashamba. Basi milango ya Mtaa wa Nongwa ikazibika. Matajiri wakaingia kwao kwa madirisha, maskini kwa kujipenyeza kama kuku waingiao bandani. Hakuna aliyemtembelea mwenziwe, kwani ni vigumu kuliruka jiwe lenye jina lako ukaenda kuomba chumvi. Waliongea nyuani, na waliongea sana.

Wakristo peke yao hawakuwa na mawe, kwa kuwa Bwana wao aliwaombea msamaha wale wale waliomsulubisha. Kwa hiyo walihesabiwa kuwa watu wasio na heshima. Akida Jeuri, mtawala wa mtaa, aliichoma nyumba yao ya sala, akamchapa viboko Mzee Subira, mume wa Bi Radhi, sokoni mbele ya wauza mchicha. Tangu hapo kila apitapo alichungulia mlango wao ili alione jiwe lake, asilione. Na katika nchi ile mkubwa asiyewekewa jiwe ni kama ngoma isiyo na mchezaji. Ghadhabu ikampanda, akatoa amri: nyumba itakayokutwa bila jiwe siku ya ukaguzi ibomolewe, na wenyewe wavushwe mpaka. Siku ya ukaguzi ilikuwa ndiyo hiyo.

Bi Udaku aliposhindwa kwa maneno, alirusha jiwe juu ya ua. "Mimi sitaki jirani mpya," akasema, sauti imempungua. "Nitaongea na nani?"

Bi Radhi akaliokota. Lilikuwa na joto la jua, likamkaa kiganjani kana kwamba lilichongwa kwa ajili yake. Akaukumbuka mgongo wa Subira, alivyoukanda kwa maji ya chumvi huku mumewe akiuma kitambaa asipige kelele. Kwake yeye kusamehe ilikuwa kazi ya kila asubuhi, kama kufagia uwanja, na kesho yake vumbi lipo. Akasimama kitambo na jiwe lake. Kisha akalirudisha juu ya ua, taratibu, lisimpige mtu.

Akida akaja na askari wenye sururu, na nyuma yao mtaa mzima.

"Jiwe langu liko wapi?"

"Halipo, Akida."

"Sikukuchomea nyumba ya sala? Sikumpiga mumeo?"

"Ulitenda, tena ulitenda vibaya, na Mungu aliona. Lakini nimekusamehe. Nikiweka jiwe nitakuwa nimeweka uongo mlangoni pangu."

"Kwa hiyo jina langu hulitaji kabisa."

"Nalitaja kila siku katika sala. Namwomba Bwana akupe usingizi."

Kwa juhudi za Bi Udaku, watu wote walijua kwamba Akida halali, na kwamba rundo lake lilikwisha kuziba hata dirisha la mwisho, mkewe akatokea paani kurudi kwao. Jina lake lilizoea kutajwa kwa laana. Sasa Akida alikuwa akiitazama sururu kana kwamba hajui kazi yake.

Askari aliyetumwa kukagua ndani alipita mlangoni wima, akatoka wima, akaingia tena asiamini. Watu wakacheka, kwanza wameziba midomo, kisha waziwazi, na mmoja mmoja wakageuka kuitazama milango yao. Bi Udaku alikuwa ameshaanza kuvuta mawe ya rundo lake, akilalama kwamba miaka yote hii angekuwa anatembelea watu, na Mungu peke yake ndiye ajuaye ni mangapi yaliyompita.

"Rudisheni sururu," Akida akasema. "Amri imeondoka."

Yeye mwenyewe hakuondoka. Ndipo Mzee Subira akatoka ndani akichechemea, birika la maji mkononi na taulo begani, na watu wakampisha, kwa kuwa mgongo uliopigwa ulikuwa wake. Akida akauficha nyuma mkono wake wa kiboko. Bi Radhi aliyaona mataya ya mumewe yakikazana, kisha yakalegea.

"Akida," akasema Mzee Subira, "wali umeiva. Nyoosha mikono yote miwili nikunawishe, uingie tule."