Yuniti Zilizozama Chini ya Karo

Naandika haya kwa mama mwenzangu mwenye nyumba ya zamani na waya usioonekana ulikopita. Mimi ni Kuluthumu, nakaa Cheyo, hapa Tabora. Shule niliishia darasa la saba na mambo ya umeme sikufundishwa. Lakini mwanangu Shamila, mwenye miaka tisa, ana makovu kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia. Ilibaki kidogo afe mbele ya macho yangu, na maji yaliyotaka kumuua niliyamwaga mimi mwenyewe, kwa beseni langu.

Ilianza na luku, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla. Kwetu yuniti arobaini zilikuwa zinamaliza mwezi na siku mbili tatu juu. Tuna friji ya mtumba ninayogandishia barafu za ubuyu, pasi, redio na taa. Uani kuna chumba kimoja, alikuwa anakaa mpangaji wetu Bertila, binti wa Nzega aliyekuwa anapika uji na kuuuza stendi. Yeye taa moja na chaja ya simu, basi. Mvua zilipoanza, yuniti arobaini zikaisha siku ya kumi na nne. Tukaweka nyingine, hizo hazikufika hata siku ya kumi.

Mume wangu Sabiri ananunua asali na nta, wakati huo alikuwa Kaliua. Nikampigia simu.

"Friji hiyo," akasema. "Ichomoe."

"Nimeichomoa tangu juzi. Ubuyu wangu umekuwa supu."

"Basi huyo mpangaji ana hita."

Nikaenda uani. Bertila alikuwa anachekecha unga wa ulezi mlangoni kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, nikuulize. Una hita ya kuchemshia maji?"

Akacheka. "Mama, ndoo nzima ya uji naivisha kwa kuni, halafu maji ya kuoga niyatafutie hita? Ingia utazame."

Mwingine angesema haya, nimekuamini. Mimi niliingia. Nikafungua ndoo zake, nikainama hadi chini ya kitanda. Nikakuta viatu vyake vya kanisani, vimefungwa kwenye gazeti. Nilipotoka alikuwa haniangalii tena.

Ofisi ya umeme walinisikiliza vizuri, wakaja wakapima, wakasema mita ni nzima, tutafute fundi akague nyaya za ndani. Nikamwambia Sabiri kwenye simu. Hapo ndipo alipokasirika.

"Fundi wa nini? Waya nimepitisha mwenyewe."

Ni kweli, na hapa inabidi nieleze. Nyumba yetu ni ya urithi. Babu wa babu yake Sabiri aliingia Tabora na msafara wa kutoka pwani, akaugua, wenzake wakaendelea na safari, yeye akabaki na kujenga. Ukuta wa mbele ni ule ule wake, wa udongo, mnene kama urefu wa mkono, na ukoo wao hawautoboi. Hata msumari wa picha haupigwi pale. Kwa hiyo Sabiri alipotaka kumpelekea mpangaji umeme, hakutoboa ukuta. Aliushusha waya mlangoni, akachimba mfereji mdogo, akaupitisha ardhini, chini ya karo la kuoshea vyombo, hadi uani. Waya ukawa mfupi, akaunga mwingine. Pale kwenye kiungio akapaka nta ya nyuki, akaviringisha nailoni, akafukia.

"Nta haipitishi maji," aliniambia siku hiyo. "Mizinga inanyeshewa porini miaka na miaka."

Na aliyemyeyushia hiyo nta kwenye sufuria ni mimi. Nikaona mume wangu ana akili.

Sasa Bertila akapata msiba, akaenda kwao Nzega kuzika. Asubuhi ya siku ya tatu nikasema leo leo. Nikazima kila taa, nikachomoa friji, redio, chaja, pasi. Swichi ya chumba cha Bertila alishaizima mwenyewe kabla ya kufunga mlango. Nikasimama kibarazani natazama mita. Kile kitaa chekundu kinakonyeza, kinatulia, kinakonyeza. Nikakaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, na namba ikashuka mbele yangu.

Bi Tatu, shangazi yake Sabiri, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nikamwita aje aone.

"Vyombo vimezimwa," akasema.

"Vyote, shangazi."

"Mtu hatumii, na kitu kinapungua. Mwanangu, hicho kina jina."

"Chuma ulete?"

"Mimi sijasema. Umesema wewe." Akajifunika ushungi vizuri. "Huyo binti kaondoka lini?"

"Jumatatu."

"Na tangu Jumatatu yuniti?"

"Zinaenda vile vile."

"Haya."

Kwa wasiojua, chuma ulete ni mtu kuvuta mali yako kwa dawa akiwa mbali, wewe unabaki kuhesabu hewa. Nilikuwa nasikia kwa wauza duka. Sikuwahi kusikia umeme ukivutwa, lakini macho yangu yameona.

Bi Tatu akanielekeza. Chumvi ya mawe kwenye maji, niyasomee dua, nimwage kuzunguka ua asubuhi na alasiri kwa siku saba. Nimwage zaidi mahali ambapo mifugo imepakataa. Na kuku wangu, nikikumbuka, walikuwa na wiki nzima hawasogei kwenye karo, hata nikitupa makombo ya wali. Basi nikajua ndipo penyewe.

"Na asipakanyage mtu na viatu," akasema. "Kisomo hakikanyagwi na ndala."

Nikaanza. Beseni la asubuhi, beseni la alasiri, nusu yake pale karo. Siku ya tatu Shamila akaja jikoni na vyombo vichafu mkononi.

"Mama, pale chini pananitekenya."

"Utatekenywa na mwiko. Nenda kaoshe."

Siku ya tano akasema, "Mama, leo pananing'ata." Nikaenda kutazama kama kuna siafu. Mimi nilikuwa nimevaa viatu vya mpira vya mvua, nimetoka kuwawekea kuku maji. Sikuhisi kitu. Nikamwambia mtoto anatafuta sababu ya kukwepa kazi. Jamani, someni tena hapo. Mtoto aliniambia mara mbili.

Na yuniti zilikuwa zinakwenda mbio kuliko mwanzo. Badala ya kujiuliza kwa nini dawa inazidisha ugonjwa, nikasema mchawi anapambana, amebanwa. Nikaongeza chumvi.

Siku ya sita Bertila akarudi. Ameshika mfuko wa viazi vikavu, michembe, zawadi yangu kutoka kwao.

"Shikamoo mama."

Sikuitikia. Nikasema, "Nzega hawajambo? Yuniti zangu umezifikisha salama?"

Akasimama na mfuko wake. "Sijaelewa, mama."

"Utaelewa."

Aliweka michembe kwenye ngazi, akaingia chumbani kwake.

Alasiri nikamwaga mabeseni mawili. Shamila akaja na masufuria, amevaa ndala zake za bluu.

"Vua ndala hapo."

"Mama, pananing'ata."

"Vua, nimesema."

Akazivua. Akaziweka pembeni, moja juu ya nyingine, kama ninavyomfundisha. Akakanyaga tope lile la chumvi, akanyoosha mkono kufungua bomba, na bomba letu ni la chuma.

Mtoto aliyeshikwa na umeme hapigi kelele, mjue hilo. Shamila alitoa mkoromo tu. Mkono uligandia kwenye bomba, shingo ikarudi nyuma, masufuria yakaanguka. Mimi nikatupa beseni nikamwendea, na nilikuwa nimebakiza hatua moja nimshike wakati kanga yangu ilipovutwa kwa nyuma, nikaanguka chali.

"Usimguse, mama. Umeme huo."

Alikuwa Bertila. Alikimbilia ndani kwetu na mwiko wake mrefu wa uji. Meinswichi iko juu na yeye ni mfupi. Nikasikia mwiko ukigonga mara moja, mara ya pili, halafu mlio wa swichi kushuka. Shamila akaanguka kwenye tope kama nguo iliyodondoka kambani.

Bajaji ilitupeleka hospitali. Pumzi zilimrudia njiani. Alilazwa siku mbili wanamsikiliza moyo, vidole vimefungwa bandeji, na mimi pembeni yake sijui niombe msamaha kwa maneno gani mtoto wa miaka tisa ayaelewe.

Bertila ndiye aliyetafuta fundi, Xavery wa Ntalikwa, mtu mzima mwenye leseni yake kwenye mkoba. Alikata waya wa uani kabla ya kugusa chochote, akachimba chini ya karo. Nilikuwepo. Alitoa kiungio, akakiweka juu ya tofali. Nailoni imetobolewa na sisimizi waliofuata harufu ya asali. Nta imeyeyuka na kutiririka kwa sababu kiungio kilikuwa kimelegea, kinapata moto. Shaba imebaki wazi ndani ya tope.

"Lakini kila kitu kilizimwa," nikamwambia. "Hata chumbani kwake."

"Swichi ya chumbani iko mwisho wa waya, mama. Ukizima kule, taa inazimika, lakini waya huku ardhini unabaki na umeme wake. Ulikuwa unavuja mchana na usiku." Akashika udongo, akaunusa, kisha akauonja kidogo kwa ncha ya ulimi. "Nani kamwaga chumvi hapa?"

"Mimi."

Akatema mate pembeni. "Maji matupu yanapitisha umeme. Ya chumvi yanaupitisha kwa raha zaidi. Ulikuwa unaupanulia njia."

Sabiri akaja na treni siku iliyofuata. Alikaa karibu na lile tofali, akachukua kipande cha nta nyeusi, akakigeuzageuza. Aliinuka, akachukua tindo na nyundo, akaenda kwenye ukuta wa mbele wa babu yake, akautoboa. Bi Tatu alikuwa mlangoni, ameshika mdomo. Tundu lilimchukua mpaka adhuhuri. Siku hizi waya umepita humo, ndani ya bomba la plastiki, juu kabisa, Xavery ndiye aliyeumaliza, akafunga na kile kifaa kinachokata umeme chenyewe ukianza kuvuja.

Bertila nilimwendea chumbani. Nilipiga magoti.

"Inuka, mama. Nimekusamehe," akasema. "Ila mwisho wa mwezi nahama."

"Kwa nini, na umesema umenisamehe?"

"Umeme umetengenezwa. Lile neno la chuma ulete limeshafika stendi. Kuna waliokuwa wananywa uji kwangu kila siku, sasa wakiniona wanafunga pochi. Uji wangu unachacha."

Nilijua aliyelibeba ni Bi Tatu, na aliyelitamka kwanza ni mimi. Nilikwenda stendi siku tatu mfululizo, nikakaa kwenye benchi lake, nikanywa uji watu wananiona. Haikutosha. Kahamia Ntalikwa.

Kwa hiyo mama, yuniti zikianza kukimbia, zima vyote utazame mita. Ikiendelea kukonyeza, shusha meinswichi na umwite fundi siku hiyo hiyo, hata kama waya kaupitisha mumeo. Na mtoto akikuambia ardhi inamtekenya, au ukiona kuku wanapakwepa mahali, mtoe hapo kwanza. Maswali yatakuja baadaye.

Yuniti arobaini sasa zinapita mwezi. Shamila amepona vidole, ila havui viatu. Ndani ya nyumba anavaa, kitandani namvua akishalala. Madrasa wanavua mlangoni, na yeye anabaki kizingitini na juzuu yake kifuani. Ustadhi ameniruhusu nimsindikize. Kila siku navua vyangu kwanza, naingia, nasimama katikati ya mkeka.

"Panang'ata, mama?"

"Hapang'ati."

Ananitazama miguu, halafu usoni, halafu miguu tena. Jana aliingia. Leo amekataa.