Bahasha ya Brescia

"Usiguse hiyo kalamu!" Aglaia alifoka, mwiko wa jemu ya plamu mkononi. "Ukisaini tu, umempa Mtaliano mtoto!"

"Punguza sauti, mama. Ilinca atasikia."

"Asikie! Ajue mama yake ni mwoga."

Smaranda alikuwa mwoga kweli. Wiki nzima alikuwa akimkwepa bwana Pintea, tarishi wa mahakama, na bahasha yenye mhuri wa mahakama ya Brescia, Italia. Jumatatu walizima redio wakajifungia ndani mpaka akaondoka. Jumatano, hivyo hivyo. Leo lango liliachwa wazi ili mkokoteni wa kuni upite, naye akaingia moja kwa moja hadi kwenye moto wa jemu.

Kesi aliijua hata kabla ya kufungua. Julai alimleta Ilinca Romania kwa likizo ya wiki tatu. Sasa ni Septemba, na mtoto ameshaandikishwa chekechea ya hapa kijijini. Baba yake, Sandro, aliyebaki Brescia, hakuulizwa.

"Bibi Aglaia, asiposaini nabandika tangazo mlangoni," Pintea alisema, akikwepa moshi. "Mahakama inahesabu amepokea."

"Bandika! Nitalibandua niwashie jiko."

"Libandue, lile na mkate ukipenda. Kule wataendelea tu."

Aglaia akamgeukia bintiye, akanong'ona kwa sauti iliyofika barabarani. "Basi sema hujui Kitaliano. Fomu yao inaruhusu kukataa karatasi za lugha usiyoijua. Jirani yetu Doina alikataa hivyo, karatasi zikarudi Italia. Miezi minne sasa, kimya!"

"Mimi nisijue, mama? Miaka tisa nimefanya kazi kule. Hata wewe ukiniudhi nakusema kwa Kitaliano."

"Kumbe ndiyo maana sielewi!"

Pintea alicheka, kisha uso ukamkunjamana. "Kimya kiliisha Alhamisi iliyopita, bibi. Doina anaona aibu kukwambia. Mahakama ya kule ilijua alikaa Italia miaka mingi, haikumwamini. Hakimu akasikiliza upande mmoja, akaamua. Mtoto wake alichukuliwa chekechea ya hapa wakati wa uji, na polisi wawili na mama wa ustawi wa jamii. Doina alikuta begi tu."

Jemu ilianza kushika chini, hakuna aliyeikoroga.

Chekechea ile ile. Kila asubuhi Smaranda alimwacha Ilinca getini, akageuka bila hata kuangalia nyuma.

"Nikisaini je?"

"Utajua tarehe. Utaweka wakili, useme ya kwako."

"Na nikishindwa?"

Pintea alimsogezea fomu na kalamu.

Smaranda akaichukua kalamu. Kwenye fomu akatia alama kwamba lugha anaielewa, kisha akasaini.

"Umetumaliza," mama yake akasema polepole.

Smaranda alichana bahasha palepale. Kesi itasikilizwa tarehe kumi na nne, saa tatu na nusu asubuhi. Zimebaki siku nane. Akasoma mara mbili, akatoa simu kwenye aproni na kumpigia dereva wa basi la Italia.

"Jumapili, mpaka Brescia," alisema. "Nafasi mbili. Moja ya mtoto wa miaka mitano. Andika sasa hivi, kaka, nasubiri kwenye simu."