Mikono ya Mama Yapewa Njia

...na mikono ya mama bado imeganda kwenye skrini, mmoja kifuani, mwingine hewani, neno la ishara limekatika katikati kama jana na juzi, na mkuu wa kitengo kasimama nyuma ya kiti, "fundi, benki wakilalamika barua pepe zao zimechelewa utajibu wewe," fundi anamsikia, lakini amri keshaituma, kilichobaki ni kusubiri ruta, mitambo inayoelekeza mawasiliano, zipashane habari, amefanya haya kwa ajili ya wanafunzi mia mbili wa shule ya viziwi au kwa mwalimu wao mmoja aliyemzaa, eti upendeleo, basi na uwe upendeleo... hapana, usiwe, zamani waliandika anwani za mtandao za shule moja moja kwa mkono ili zipishwe, shule ikibadilisha laini orodha yote kazi bure, mpaka akawaza, kwani ruta ya shule si hujitangaza yenyewe kwa jirani zake, njia ya kuja kwangu ni hii, basi tangazo hilohilo libebe alama, kila ruta ikiiona ipitishe video za shule kwanza, barua pepe zingoje, barua ikichelewa sekunde mbili nani atakufa, lakini kidole kikichelewa sekunde mbili mtu kanyamazishwa... "tena hukuniuliza mapema," nilikuuliza, mkuu, ukasema tutaona, haya sasa tuone, jamani mama, sogea, sogea basi... ee! mkono umeshuka, vidole vinamiminika kama mvua, mama anamgombeza, tangu saa ngapi nakuuliza umekula, unanikodolea macho tu, naye fundi kacheka mpaka machozi, na nyuma ya mama kuna msichana wa sare mbele ya skrini nyingine, anasimulia kwa mikono yote miwili, ndani ya skrini hiyo mwanamke fulani, bila shaka mama yake, anapangusa macho, anajibu, hakuna kinachokatika, kumbe wako wengi, kumbe swali la upendeleo lilikuwa mzigo wa bure, mama wa mtu ni mama wa mtu, "unacheka nini, nazungumzia benki hapa!" na mama amekunja uso, anauliza, huyo nyuma yako anabwabwaja nini, naye, ambaye siku zote ofisini huongea na mama mikono kaishusha usawa wa meza wenzake wasione, anainua yote miwili juu, peupe, anajibu, anatoa pongezi, mama, ila mwenyewe bado hajajua.