Ruhusa kwa Watu Wote

Uvumi ulianzia kwenye bomba la maji, hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi: katika nyumba ya Mauwa, siri za watu zinasomwa na wasiohusika. Mara ya kwanza Mauwa alicheka. Mara ya tatu hakucheka, lakini hakumuuliza mtu.

Binti yake, Maimouna, alikuwa akiwachapia wakimbizi maelezo ya kwa nini walikimbia kwao. Mwezi uliopita programu yake ya kuandikia ilidai kompyuta ya nyumbani iidhinishwe upya. Kila akibonyeza, jibu lilikuwa moja: huna ruhusa ya kuandika kwenye folda hii. Akampigia Sylvain, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Area 18 kule Lilongwe. Sylvain akamwambia afungue ruhusa kwa watu wote, tena kwa diski nzima, yaishe. Maimouna akafanya hivyo, programu ikakubali palepale.

Lakini nyumba nane zilitumia wifi yake, maana kambini ukiwa na mtandao humnyimi jirani neno la siri. Tena diski yake ilionekana kwenye mtandao huo, ili majirani wachukue picha za arusi zao. Kilichowazuia kuingia kwingine kilikuwa kukosa ruhusa tu, na sasa kila mtu alikuwa nayo.

Jirani mmoja akasoma maelezo ya Nduwayo, Mrundi aliyetengeneza baiskeli za kabaza, zile za kubeba abiria. Humo Nduwayo alimtaja mtu aliyemuua kaka yake: Irakiza, anayeishi kambi hii hii. Jirani akampelekea Irakiza habari.

Jumanne alasiri Irakiza akaingia kwa Mauwa bila hodi, na wanaume wawili nyuma yake. Shati lake lilikuwa limelowa damu, naye hakuwa na jeraha. Ilikuwa damu ya Nduwayo; walikuwa wametoka kumshambulia.

“We njo uliandika jina yangu?” Irakiza akamuuliza Maimouna.

Maimouna akajibu kwa sauti ndogo kwamba ni yeye, aliandika alichoambiwa.

“Basi mi nataka ule mukono.”

Wakamlaza kifudifudi, mmoja akamkalia mgongo. Irakiza akashusha rungu juu ya mkono wa kuume. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Mauwa akashika mchi, akampiga Irakiza sikioni hadi akapiga goti. Panga la mwenzake likampata Mauwa begani, hakuachia mchi. Akapiga tena, meno yakamwagika sakafuni. Aliyemkalia Maimouna akaokota rungu, akalishusha mara ya pili juu ya vidole vya mtoto, ndipo majirani wakaingia na mawe, wauaji wakakimbia.

Nduwayo alikata roho njiani kwenda hospitali Lilongwe, kwenye gari lile lile alimolazwa Maimouna. Sylvain alifika wodini, akakiri kwamba ruhusa ilitakiwa kuwa ya folda ile moja, kwa jina la Maimouna peke yake. “Niliharakisha, mama.”

Mauwa akamzaba kofi mbele ya wagonjwa, akamwambia aende akamweleze mjane wa Nduwayo.

Vidole viwili vya Maimouna havikunjiki tena. Mama mwenye mtoto anayechapia watu, amkataze haya:

Kufungua ruhusa kwa watu wote.
Kugusa diski nzima wakati iliyokataa ni folda moja.
Kuweka siri za watu penye picha za arusi.
Kugawa neno la siri la wifi inayotumiwa na kompyuta yenye maelezo ya watu.
Kumtii fundi anayesema “yaishe” kwa simu.
Kunyamaza uvumi ukifika bombani.